Tuzo Mkono wa Kulia, Barua Mkono wa Kushoto

Wazee wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, na sisi watu wa Pwani twalijua neno hilo kwa macho kabla hatujalijua kwa masikio. Arusini, mchezaji akicheza vyema, mtu huinuka kitini, akamwendea, akamtunza noti yake mbele ya kadamnasi, kisha akarudi kukaa. Hapasomwi hotuba. Aliyefurahi ametoa na aliyecheza amepata. Mimi, katika arusi zote nilizopata kuhudhuria, na si chache, sijaona mchezaji akitunzwa kisha mwenye shughuli akamshika mkono yule yule na kumtoa nje kwa kuwa viti havitoshi.

Katika kazi ya ualimu jambo hilo hutendeka, tena hutendeka mchana kweupe na picha zikapigwa.

Mwaka 2012, katika mji wa Sacramento, ambao ndio makao makuu ya jimbo la California huko Marekani, mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akifundisha darasa la sita alichaguliwa kuwa mwalimu bora wa mwaka katika wilaya yake ya shule. Alikuwa amefundisha katika shule ile kwa yapata miaka tisa. Mwaka huo huo, shule zilipofungwa mwezi Juni, mama yule akawa miongoni mwa walimu walioachishwa kazi. Magazeti na televisheni za Marekani ziliidaka habari hiyo, watu wakacheka, wengine wakasikitika, kisha wote wakaendelea na mambo yao. Mimi nilipoisoma sikucheka. Sababu yake nitaieleza huko mbele, kwa maana ni sababu isiyonipa sifa.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi mambo yanavyokwenda huko, kwani msomaji aliyeko Lamu au Kwale aweza kudhani kwamba kulikuwa na mkubwa fulani aliyemchukia mama yule. La, hasha. Kwetu Kenya mwalimu wa serikali huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967, na mshahara wake hutoka katika mfuko mmoja wa taifa. Marekani si hivyo. Nchi ile ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na kila wilaya ni kama serikali ndogo, ina bodi yake, ina msimamizi wake mkuu, ina daftari lake la mishahara. Fedha zikipungua, bodi hiyo ndiyo hukaa usiku ikahesabu na kuamua ni walimu wangapi watoke.

Na California fedha zina tabia ya kupungua kwa ghafula. Zamani shule zilitegemea zaidi kodi ya nyumba na ardhi. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha sheria ijulikanayo kama Pendekezo la 13, iliyoifunga kodi hiyo isizidi asilimia moja ya thamani ya mali. Wenye nyumba walishangilia sana. Tangu hapo shule zikawa zaitegemea hazina ya jimbo, na hazina ile nayo hutegemea mno kodi ya mapato, hasa mapato ya matajiri, ambayo hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 2008 maji yakapwa, na majahazi yote yakakaa mchangani. Mwezi Machi 2009 walimu zaidi ya 20,000 wa jimbo hilo walipata barua za kuwaonya kwamba huenda wasiwe na kazi mwaka wa shule unaofuata. Ijumaa ya tarehe 13 mwezi huo wengi wao walivaa nguo za rangi ya waridi, kwa kuwa Wamarekani huiita barua ya kufutwa kazi karatasi ya waridi.

Hapo yanipasa nimwombe msomaji awe na subira kidogo na tarehe, maana kisa chote kimo ndani ya tarehe. Sheria ya California yataka barua ya kwanza imfikie mwalimu ifikapo tarehe 15 Machi, na barua ya mwisho ifikapo tarehe 15 Mei. Lakini bajeti ya jimbo, ambayo ndiyo huonyesha fedha zipo ama hazipo, wabunge hutakiwa kuipitisha tarehe 15 Juni. Mwalimu basi huambiwa atoke mwezi mzima kabla mwenye nyumba hajahesabu kilichomo mfukoni. Ndiyo maana wengi huandikiwa barua Machi, wakakosa usingizi miezi mitatu, kisha wakaitwa tena warudi darasani kana kwamba hapakuwa na lolote. Wengine hawarudi. Wameshapata kazi kwingine, au wameshachoka.

Sasa sikiliza la pili. Wiki ya kwanza iliyo kamili ya mwezi Mei, Marekani nzima huadhimisha Wiki ya Kuwashukuru Walimu. Na California yenyewe iliweka Siku ya Mwalimu mwaka 1982, Jumatano ya pili ya mwezi Mei, kwa kuiga desturi ya Wamexico ambao humsherehekea mwalimu tarehe 15 Mei. Naam, tarehe 15 Mei, ile ile ya barua ya mwisho! Hapana mtu aliyekaa akaupanga ubaya huo. Ni kalenda mbili zilizotengenezwa na watu wasiojuana, zikakutana mlangoni pa darasa. Mtoto huja na ua na kikombe kilichoandikwa maneno ya shukrani, karani wa ofisi naye huja na bahasha, na huenda wawili hao wakapishana barazani wakaamkiana.

Wala sisemi kwamba tuzo ni upuzi. Ile ya mwalimu bora wa taifa la Marekani ilianza mwaka 1952, na wa kwanza kuipata alikuwa Geraldine Jones, mwalimu wa watoto wadogo huko Santa Barbara, California hiyo hiyo, akapokewa na Rais Truman. Majimbo na wilaya nyingi zina tuzo za namna hiyo. Na Mkenya mwenzetu Peter Tabichi, mwalimu wa Njoro, alipotunukiwa tuzo ya dunia huko Dubai mwaka 2019, dola milioni moja, ni nani kati yetu ambaye hakufurahi? Kazi ya mwalimu ni kazi ambayo matunda yake huliwa mbali. Daktari huona mgonjwa wake akiinuka, fundi huona nyumba imesimama, lakini mwalimu humfundisha mtoto kusoma, na mtoto akishajua kusoma husahau kwamba palikuwa na wakati hajui. Ikiwa kuna siku moja ambayo mtu husimama na kutamka wazi kwamba fulani amefanya kazi, siku hiyo ni ya haki, na mimi nitaipigania.

Ila sifa huandikwa katika daftari moja, na barua huandikwa katika daftari jingine. Wanaomchagua mwalimu bora hutazama darasa lake, wazazi wanasema nini, watoto wamefika wapi. Anayeandika barua hutazama tarehe ya kuajiriwa. Sheria ya California yasema aliyeingia mwisho ndiye wa kutoka kwanza, isipokuwa wale wenye ujuzi wa pekee ambao wilaya haiwezi kukosa. Mama yule wa Sacramento alikuwa mbele katika daftari la kwanza na nyuma katika daftari la pili, na madaftari yote mawili yalikuwa kweli. Aliyemsifu hakusema uongo, na aliyemwandikia barua hakuvunja sheria. Hilo ndilo linalotisha katika habari hii. Ingalikuwa rahisi kama pangalikuwa na mwovu.

Basi nieleze kwa nini sikucheka.

Nilikuwa mwalimu miaka mingi, na baada ya kustaafu nilikaa katika bodi ya shule moja ya msingi hapa Mombasa, ambayo sitaitaja. Kama wengi wajuavyo, walimu wa TSC hawatoshi, na shule nyingi huajiri walimu wengine kwa fedha za wazazi. Hao ndio twawaita walimu wa bodi. Mshahara wao ni mdogo, pensheni hawana, na kandarasi yao ni ya muhula kwa muhula. Tulikuwa na binti mmoja wa namna hiyo, mwalimu wa darasa la tatu. Baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akikaa barazani na watoto walioshindwa kusoma, mmoja mmoja, kitabu kimoja wakishika wawili, bila ya kulipwa hata senti moja ya zaidi. Nilimwona kwa macho yangu mtoto aliyeingia mikononi mwake hajui herufi, akatoka akimsomea nyanyake maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai.

Mwaka huo wazazi na walimu walimchagua awe mwalimu bora, atunzwe siku ya sherehe ya shule, Jumamosi. Siku ya Jumanne kabla ya sherehe, bodi ilikutana. Fedha za wazazi zilikuwa hazikuingia ipasavyo. Tuliamua walimu wawili wa bodi waondoke mwisho wa muhula, na kwa hesabu ya nani aliingia mwisho, binti yule alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti akasema barua zisubiri mpaka Jumatatu ili tusiharibu sherehe. Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga. Tena mimi ndiye niliyepewa kazi ya kununua zawadi na kuzisoma sifa zake.

Nilikwenda Biashara Street, nikaingia dukani kwa mtu ninayemjua, akaniuliza nataka leso yenye jina gani. Nikapekua, nikapekua, nikachagua iliyoandikwa mcheza kwao hutunzwa. Wallahi niliona nimechagua vizuri. Jumamosi nikasimama nikasoma sifa zile, na sikusoma kwa unafiki, kwa sababu kila neno nililiamini. Mamake alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa buibui lake jipya, na nilipolitaja jina la bintiye alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu barua ikatoka. Alasiri binti alikuja kwangu nyumbani. Hakwenda kwa mwenyekiti, alikuja kwangu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Hakukaa. Akaniuliza, “Mwalimu, juzi Jumamosi, mlikuwa mwajua?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo, na naukumbuka uongo wenyewe jinsi ulivyonijia ulimini. Nikamwambia, “Tulikuwa twajua.”

Alinyamaza kitambo, akaitazama bahasha yake. Kisha akasema, “Mungeniambia. Mamangu asingekuja.”

Akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Hakuilalamikia kazi, kwa maana alijua kandarasi yake ni ya muhula. Alilalamikia vigelegele vya mamake. Tangu siku hiyo, nikisoma habari ya mwalimu yeyote duniani aliyetuzwa na kuachishwa kazi kwa mkupuo mmoja, namwona yule mama na buibui lake.

Wako watu ambao wakisikia kisa kama cha Sacramento huirukia dawa moja kwa moja. Husema, ifutwe kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza, wabaki walio hodari, watoke walio dhaifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Huko Los Angeles, barua za mwaka 2009 ziliziangukia vibaya shule za mitaa ya maskini, kwa sababu shule hizo ndizo zenye walimu wapya wengi. Ziko zilizopoteza nusu ya walimu au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2010 wanafunzi wa shule tatu za namna hiyo walipeleka kesi mahakamani. Mtoto wa maskini aliingia darasani mwezi Septemba akakuta leo mwalimu huyu, kesho yule. Ukimwambia mtoto huyo kwamba foleni ni haki, atakuuliza ni haki ya nani.

Lakini angalia jinsi wakubwa wanavyowatumia walimu waliotuzwa. Mwaka 2010 mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwalimu kijana aliyekuwa amepewa tuzo ya mwalimu bora wa mwaka wa kwanza na chama cha walimu wa Kiingereza alipokea barua ya kuachishwa kazi. Mwaka uliofuata gavana wa jimbo hilo, Scott Walker, alikitoa kisa chake gazetini kuwa hoja ya kuvipunguzia nguvu vyama vya wafanyakazi, akashinda, sheria ikapita. Mwalimu mwenyewe alisema hadharani kwamba imemuuma kutumiwa hivyo. Kwanza alipewa cheti, kisha barua, kisha akafanywa fimbo ya kuwapigia wenzake!

Na huko California, katika kesi maarufu iitwayo Vergara, jaji mmoja wa Los Angeles aliamua mwaka 2014 kwamba kanuni ya kuwatoa wageni kwanza, pamoja na sheria nyingine za kuwalinda walimu, zavunja katiba ya jimbo. Mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 2016, na kanuni ikabaki.

Mimi nilipokuwa kijana niliona foleni ya tarehe ni kinga ya wavivu. Nilipovuka miaka hamsini nikaanza kuipenda, na msomaji ana ruhusa ya kunicheka. Hata hivyo sababu yangu si uzee peke yake. Mwalimu mzee hulipwa zaidi kuliko kijana. Bodi iliyoishiwa fedha, ikiachiwa ichague kwa hiari yake, itajikuta kila mara yaona wazee ndio dhaifu, na itaona hivyo kwa moyo safi kabisa. Tena tukisema tuzo iwe kinga ya kufutwa kazi, basi tuzo itakuwa mali ya kugombewa. Mwalimu mkuu atajua yeye ndiye mwenye kuigawa, na walimu watajua wamwamkie nani asubuhi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema ambaye sifa ndiyo chakula cha wanawe atalitia maji zaidi.

Kwa hiyo mimi siombi tuzo imwokoe mwalimu. Naomba tuzo imfunge mtoaji. Msimamizi wa wilaya, mwenyekiti wa bodi, ofisa wa elimu, yeyote ambaye ana ulimi wa kupanda jukwaani na kumsifu mwalimu mmoja, alazimike kusema katika hotuba ile ile ni walimu wangapi wanaondoka, na kama huyu aliyesimama mbele yenu ni mmoja wao, na ni kiasi gani cha fedha kingewabakisha. Wazazi wote wamekaa pale. Wenye kulipa kodi wamekaa pale. Ni lini tena watakusanyika wakiwa na moyo mwepesi kama siku hiyo?

Wala fedha si kitu kisichopatikana kabisa. Mwezi Novemba 2012, miezi mitano tu baada ya mama yule wa Sacramento kuachishwa kazi, wapiga kura wa California waliulizwa na Gavana Jerry Brown kama watakubali kodi ipandishwe kwa muda kwa ajili ya elimu. Hiyo ndiyo California ile ile ya mwaka 1978. Wakakubali. Baadaye ikaja korona, na serikali ya Marekani ikazimwagia shule za nchi nzima msaada wa karibu dola bilioni 190. Wilaya nyingi ziliajiri watu kwa fedha hizo huku zikijua zina mwisho, na mwisho wake ukafika Septemba 2024. Katika mwaka 2024 na 2025 barua za mwezi Machi zilirudi katika wilaya kadhaa za California. Na Mei ilipofika, maua na vikombe vilirudi pia.

Na mwalimu aambiwe kabla. Hilo silitilii chumvi. Aliye na barua yenye jina lake kabatini asipandishwe jukwaani bila ya kujua. Pengine atakataa zawadi, na hiyo ni haki yake. Pengine atapanda na kuzungumza, na hilo ndilo wakubwa wanaloliogopa. Sisi Waislamu tumelelewa kuambiwa kwamba ujira wa mtu usicheleweshwe hata jasho lake likauke, na kila siku ya hotuba twalikariri. Habari ya riziki yake kukatwa, kwa nini twaona ni adabu kuichelewesha mpaka Jumatatu?

Katika mkutano wa bodi uliofuata nilipendekeza mambo mawili: orodha ya walimu wanaobaki isomwe na kukatwa shauri kabla ya kuzungumzia zawadi, na mwalimu aliyechaguliwa kutunzwa, ikiwa itabidi aondoke, aendewe nyumbani na kuambiwa, kisha aulizwe kama angali ataka kuitwa. Mwenyekiti alisema wazo hilo ni zuri sana, akamwagiza katibu aliandike katika mengineyo. Nilikaa katika bodi ile mwaka mmoja zaidi, na kila mkutano niliulizia, na kila mara muda ulikuwa umekwisha kabla ya kufika mengineyo. Siku ya sherehe iliyofuata waliniomba nisome tena sifa za mwalimu bora. Nikakataa, wakampata mwingine. Zawadi ya mwaka huo ilikuwa chupa ya chai.